Kabla ya kulala kwenye rasi: mambo ambayo ziwa Tanganyika limeshafundisha

Mvua za mwisho zikishapita mwezi wa Mei, mazungumzo ya namna moja hurudi Kalemie. Vijana wa kwaya, wafanyakazi walio likizoni, familia zilizopokea ndugu kutoka Lubumbashi, wote huulizana: mwaka huu twende kulala wapi kando ya ziwa? Wengine hutaja Tembwe, upande wa kusini. Wengine hutaja Mpala. Wenye moyo wa safari ndefu hutaja Ubwari, ule ulimi wa ardhi ulio Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini. Na wenye pasipoti na pesa hutazama ng'ambo, kwenye milima ya Mahale, ambayo siku ya anga safi huonekana ikisimama juu ya maji upande wa Tanzania.

Kisha hesabu huanza: mafuta ya injini, unga, mchele, chumvi, vyandarua, mahema, au mbao na mabati ya kusimamisha vibanda vya siku chache. Ni hesabu nzuri, lakini mara nyingi husahau mambo matatu yasiyonunuliwa sokoni. La kwanza ni upepo. La pili ni mahali ambapo maji yaliwahi kufika. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni mwenye ardhi.

Historia ya ziwa hili imejaa watu waliopanga kulala kwenye rasi na visiwa vyake. Baadhi walikaa usiku mmoja, baadhi miaka. Ukifuata habari zao moja baada ya nyingine, utaona kwamba walioharibikiwa hawakukosa vifaa. Wengi walikuwa na vifaa kuliko familia yoyote ya Kalemie leo. Walikosa moja ya hayo matatu.

Usiku wa hema la Speke

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji kutoka pwani ya bahari ya Hindi. Walifika wakiwa wagonjwa. Burton hakuweza kutembea kwa sababu ya homa, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho hata hakuliona ziwa vizuri siku ya kwanza. Walitaka kujua kama kaskazini mwa ziwa kuna mto unaotoka kwenda Nile. Kwa safari hiyo walihitaji chombo kikubwa, nao waliambiwa kwamba ng'ambo ya magharibi, kwenye kisiwa cha Kasenge, yupo mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, mwenye jahazi.

Speke ndiye aliyetumwa. Mwanzoni mwa Machi aliondoka kwa mtumbwi, akiwa na Sidi Mubarak Bombay kama mkalimani wake. Walifuata pwani ya mashariki kwanza, wakilala ufukweni, kisha wakavuka hadi kwenye visiwa vidogo vya upande huu wetu, kaskazini ya mahali ambapo Kalemie ipo leo.

Huko, kabla hajafika Kasenge, alipiga hema lake kwenye kisiwa kimoja na kupumzika. Usiku dhoruba ya mvua na upepo ikalipiga hema hadi vigingi vikang'oka. Upepo ulipotulia aliwasha mshumaa ili apange vitu vyake upya. Mwanga ule ukaita wadudu. Hema zima likajaa mbawakawa wadogo weusi, kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mikono. Alijaribu kuwafukuza, akashindwa, akazima mshumaa na kulala. Mmoja akaingia sikioni mwake.

Speke mwenyewe aliandika yaliyofuata. Mdudu alianza kuchimba ndani ya sikio. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Mwishoni akachukua kisu kidogo na kumchoma mdudu kwa ncha yake, akamuua, lakini akajijeruhi. Sikio lilivimba, uso ukapinda, akashindwa kutafuna chakula kwa siku kadhaa. Kwa miezi mingi hakusikia vizuri upande huo. Jeraha lilitoboa hadi puani, na kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi. Vipande vya yule mdudu vilikuja kutoka baada ya miezi sita au saba.

Na jahazi? Hakulipata. Sheikh alimpokea kwa heshima, lakini jahazi halikuwa tayari, akaambiwa asubiri miezi kama mitatu. Speke akarudi Ujiji mikono mitupu, na sikio lake likiuma.

Habari hii huchekesha inaposimuliwa, lakini mvuvi wa Kalemie ataona kosa mara moja. Dhoruba za msimu wa mvua hushuka kutoka milimani usiku, ghafla, bila kumpa mtu nafasi ya kukaza kamba. Na taa iliyowashwa katika hema lililo wazi huita kila kilicho na mabawa. Wavuvi wa ndakala hutumia akili hiyohiyo kwa faida yao: huwasha taa juu ya maji usiku usio na mbalamwezi, na samaki hufuata mwanga. Speke aliwasha taa kama mvuvi, bila wavu.

Kiangazi nacho kina upepo wake

Mtu anaweza kusema: basi tusiende wakati wa mvua, twende kiangazi. Ni kweli mvua haitakuwepo. Lakini kuanzia Mei hadi Septemba ndipo upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, ukipita juu ya maji marefu kutoka upande wa Zambia hadi kwetu. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upepo unaopata njia ndefu namna hiyo hujenga mawimbi makubwa. Pwani ya Kalemie iko wazi mbele yake.

Jambo hili lilijulikana vizuri mwaka 1915. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walitawala ziwa kwa meli zao kutoka Kigoma. Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, kwa treni, kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu wa Katanga waliokata njia na kujenga madaraja. Zilifika Lukuga mwishoni mwa Oktoba 1915, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson.

Baada ya safari yote hiyo, tatizo la kwanza halikuwa Wajerumani. Lilikuwa kwamba mdomo wa Lukuga hauna kinga. Mashua zisingeweza kuachwa pale zikipigwa na mawimbi. Hivyo kazi ilianza ya kutengeneza bandari ya mawe kusini kidogo, mahali palipoitwa Kalemie. Mashua ziliingia majini mwezi wa Desemba tu, na tarehe 26 Desemba zikaikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Watu husimulia zaidi vita ile kuliko mawe yale. Lakini kwa mtu anayepanga safari ya rasi, mawe ndiyo yenye somo. Chombo kinahitaji mahali pa kulala kama vile mtu anavyohitaji. Anayechagua mahali pa vibanda kwa kutazama mchanga mweupe, bila kuuliza mashua itafungwa wapi upepo ukigeuka, amepanga nusu ya safari, ile ya kwenda. Ndiyo maana wazee wa ziwa huchagua upande wa rasi uliopewa mgongo na upepo, huondoka alfajiri maji yakiwa yametulia, na huweka siku moja au mbili za ziada kwenye chakula. Ziwa likikataa siku ya kurudi, mtu hukaa na kula, hashindani nalo.

Ubwari, "kisiwa" chenye wenyewe

Speke aliporudi bila jahazi, Burton alikodi mitumbwi miwili kwa Kannena, mkubwa wa Kawele pale Ujiji, kwa malipo makubwa. Mwezi wa Aprili 1858 walipanda kaskazini na kuvuka hadi Ubwari. Burton alipaandika kama kisiwa kikubwa. Mtu anayefika kwa maji kutoka mashariki anaweza kudanganyika hivyo: Ubwari imeungana na bara kwa upande wa kusini, na ncha yake inaelekea kaskazini, kwa hiyo kati yake na bara kuna ghuba ndefu. Baadaye wasafiri wengine walionyesha kwamba ni rasi, na ramani zikalipa ghuba lile jina la Burton. Mji wa Baraka upo kwenye ghuba hilohilo.

Jina la Burton kwenye ramani halikuwafanya wenyeji wabadilishe chochote. Ubwari ilikuwa na watu wake, wavuvi na wakulima ambao leo huitwa Wabwari au Wazoba, na ng'ambo ya ghuba walikuwepo Wabembe. Wageni walinunua chakula kwao kwa shanga na vitambaa. Hawakupiga kambi mahali patupu. Walilala mahali ambapo wenyeji walikubali walale, na wapiga makasia wa Kannena ndio waliojua ni wapi pa kukubaliwa na ni wapi pa kupita mbali.

Hata mahali ambapo hakuna nyumba, rasi ilikuwa na mwenyewe. Henry Morton Stanley, aliyepita ziwani mwaka 1871, aliandika habari ya Kabogo, mlima wa pwani ya ziwa ambao mawimbi huingia katika mapango yake na kunguruma kama radi. Wenye mitumbwi waliopita hapo walitupa shanga na vipande vya kitambaa majini ili wapite salama. Kwa Watabwa wa upande wetu, milima na miamba fulani ni makao ya roho wanaoitwa ngulu. Mtu anaweza kuamini au kutoamini. Lakini desturi ile ilimlazimisha msafiri kusimama, kutaja jina la mahali, na kukumbuka kwamba yeye ni mpitaji. Aliyesimama hivyo alipata pia nafasi ya kutazama maji.

Leo Ubwari ina uzuri uleule, na pia ina mambo mengine. Katika miaka ya vita makundi yenye silaha yameifanya maficho, kwa sababu ileile iliyowavutia wasafiri: ni mbali, na hufikiwa kwa maji. Anayepanga kwenda kutoka Kalemie hana budi kuuliza habari za wiki hiyo, siyo za mwaka jana, na kuziuliza kwa watu wa pale, viongozi wa kimila na serikali, kabla ya kununua hata lita moja ya mafuta.

Maji yalifika wapi?

Kosa la pili, la kutojua maji yalifika wapi, liliandikwa na ziwa lenyewe, na karibu kabisa na Kalemie.

Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, ambao hupeleka maji hadi Lualaba. Tarehe 3 Mei 1874 Verney Lovett Cameron alifika kwenye mdomo wake na kusema hapa ndipo ziwa linapotokea. Stanley alikuja mwaka 1876, akizunguka ziwa lote kwa mashua yake Lady Alice, akaona kitu kingine: matete, matope, maji yaliyosimama. Aliona kwamba mlango umezibwa na kwamba ziwa likiendelea kupanda litauvunja. Haikuchukua muda. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalivunja kizuizi, na Joseph Thomson alipofika Lukuga karibu na Krismasi ya 1879 alikuta mto wenye mkondo wa nguvu ukienda magharibi.

Tangu hapo ziwa likashuka. Katika muda usiofika miaka 20, maji yalishuka karibu mita 10. Mahali palipokuwa ziwa pakawa nchi kavu.

Karema, upande wa Tanzania, ndiyo ilionja jambo hilo. Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili, walifungua kituo chao hapo mwaka 1879, karibu na maji, kama mtu yeyote angefanya. Ziwa likawaacha. Mwaka baada ya mwaka ufuko ulisogea mbali, na kituo cha bandari kikabaki kinatazama majani.

Kinyume chake nacho kimetokea. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha ziwa hadi kufikia kilele mwaka 1964. Kisha likashuka tena, na watu wakashuka nalo, wakijenga kwenye ardhi ambayo watoto wao waliijua kuwa kavu daima. Mwaka 2020 na 2021 maji yalirudi, na mwaka 2024 yakarudi tena kwa nguvu. Kalemie, Uvira, Bujumbura, kote kando ya ziwa nyumba ziliingiliwa, barabara zikakatika, familia zikahama na magodoro kichwani. Wengi walisema ziwa limetuvamia. Wazee waliokumbuka 1964 walisema limerudi kwake.

Kwa kibanda cha likizo hasara ni mbao na mabati. Kwa nyumba ya mtu ni maisha yake yote. Lakini swali ni moja, na kwenye kila kijiji cha wavuvi kuna mtu wa kulijibu. Ataonyesha mwembe, jiwe, au ukuta wa kanisa na kusema: maji yalifika hapa. Kibanda kisimame juu ya hapo. Choo kiwe juu zaidi na mbali, kwa sababu maji yanayopanda huleta chooni kilichokuwa cha choo hadi kwenye ndoo ya kunywa. Kalemie inaijua kipindupindu vizuri mno hata haihitaji kuelezwa kwa nini maji ya ziwa, hata yanapokuwa safi kama kioo, huchemshwa kwanza.

Nyumba ya Kavala

Si wote walioharibikiwa. Kaskazini mwa Kalemie kuna kisiwa cha Kavala. Katikati ya miaka ya 1880, nahodha Edward Coode Hore wa shirika la kimisionari la London alikichagua kuwa makao. Hore alikuwa baharia. Alikuwa ameshaishi Ujiji tangu 1878 na alilijua ziwa kwa miaka kabla ya kuamua. Shirika lake lilikuwa na kituo Mtowa, pwani ya bara, karibu na njia ya misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Manyema. Kavala ilimpa maficho mazuri ya vyombo na hewa nzuri zaidi.

Alimleta mke wake, Annie, na mtoto wao mdogo Jack. Annie alisafirishwa kutoka pwani kwenye kiti kilichobebwa, na safari hiyo aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1886. Kisiwani waliishi kama familia, wakajenga, na Annie akawafundisha watoto wa pale.

Hore hakufanya muujiza. Alitazama upepo miaka kadhaa kabla ya kuchagua mahali, na alizoeana na watu kabla ya kuleta familia. Hata hivyo makao yale hayakudumu miaka mingi, kwani magonjwa na vifo viliiandama misheni ile ya ziwani, na mwisho wa muongo huo familia ilikuwa imerudi Ulaya. Kupanga vizuri hupunguza hatari, hakuifuti.

Mgeni wa Mpala

Kosa la tatu ndilo zito, na halikufanyika kwa kutojua.

Tarehe 4 Mei 1883 afisa Mbelgiji, Émile Storms, aliyekuwa ametoka Karema, alianzisha kituo kwenye mdomo wa mto Lufuku, kusini mwa Kalemie. Mahali palikuwa pa chifu Mpala. Storms alifuata desturi: aliomba, akapokelewa, akachanja udugu wa damu na chifu. Kwa jina la mwenyeji wake, kituo kikaitwa Mpala.

Angeishia hapo, habari yake ingekuwa ya mgeni mwenye adabu. Lakini kambi ikawa boma, na mgeni akaanza kuwatawala majirani. Chifu mmoja wa Watabwa, Lusinga, hakukubali kuinama. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia, wakamuua, wakakata kichwa chake. Storms aliporudi Ubelgiji alibeba fuvu la Lusinga pamoja na mafuvu mengine na vitu vya thamani vya Watabwa. Fuvu lile liliwekwa katika taasisi ya sayansi ya Brussels. Mwaka 1885 kituo cha Mpala kilikabidhiwa Mapadri Weupe, nacho kikawa misheni.

Zaidi ya miaka 130 baadaye, tangu 2018, habari ya fuvu la Lusinga ilianza kuzungumzwa hadharani Ubelgiji, pamoja na swali la kulirudisha nyumbani. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa imesimama katika bustani moja ya Brussels iliondolewa.

Watu wanaokwenda Mpala leo kupumzika hupita juu ya habari hiyo. Hawakosei kupumzika. Lakini wakifika na kuanza kukata miti, kuvuta kamba na kupiga misumari bila kumwona chifu, wasishangae wakitazamwa kwa jicho baya. Pwani hii imeshaona watu waliosema wanakuja kulala tu.

Kibamba, 1965

Wapo pia waliokuja kama marafiki na bado wakashindwa. Usiku wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na Wacuba wachache hadi Kibamba, pwani ya Fizi, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Baadaye walizidi mia moja. Walijipa majina ya hesabu za Kiswahili: wa kwanza Moja, wa pili Mbili, na Che mwenyewe Tatu. Kambi yao ya juu ilikuwa vibanda mlimani, katika baridi na ukungu, ambako walipanda kwa saa nyingi wakitoka ziwani. Homa iliwashika, Che mwenyewe akiwemo. Hawakujua lugha za watu, hawakuelewa ugomvi wa viongozi waliokuja kuwasaidia. Novemba 1965 walivuka tena usiku kurudi Kigoma, na Che akaandika bila kuficha kwamba ilikuwa habari ya kushindwa.

Mahale: vibanda na waliokuwepo

Ng'ambo kuna mfano wa vibanda ambavyo vimesimama. Milima ya Mahale hutokeza ndani ya ziwa kama bega, na kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462. Mwaka 1965 watafiti Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Toshisada Nishida akiwa miongoni mwao, walianza kuwafuata sokwe wa huko. Kazi yao imeendelea kwa miongo. Mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa. Haina barabara ndani. Watu hufika kwa boti na kutembea kwa miguu. Wageni hulala kwenye vibanda karibu na ufuko, na pesa zao husaidia kulinda msitu.

Watu wa Kalemie wanaposikia hayo huuliza kwa nini upande wetu usiwe na kitu kama hicho. Swali ni la haki. Tuna rasi, tuna milima, tuna maji. Lakini habari ya Mahale haikamiliki bila Watongwe na Waholoholo. Waliishi na kulima kwenye miteremko ile, na wageni wa mwanzo walikuta vijiji vyao. Waholoholo wana ndugu huku kwetu, kwenye Lukuga. Katika miaka ya 1970 na iliyofuata, watu wa ndani ya eneo lile walihamishwa. Leo mgeni hulipa kulala mahali ambapo mjukuu wa mwenyeji haruhusiwi kujenga.

Kwa hiyo anayeota vibanda vya utalii Tembwe au Ubwari ana nafasi ya kufanya vizuri zaidi, mradi aanze na mwenyeji kama mwenza, siyo kama mpishi na mlinzi tu.

Orodha iliyokamilika

Kikundi kinachopanga safari mwaka huu kinaweza kuchukua orodha yake ya mafuta, unga na vyandarua, na kuandika juu yake mistari michache. Nani atatangulia kumwona chifu, na atakwenda na nini mkononi? Nani kijijini atatuonyesha maji yalifika wapi? Mashua italala upande gani? Jaketi za kuokoa maisha zinatosha watu wote, pamoja na watoto? Chakula cha siku mbili za upepo kipo? Nani amebaki Kalemie akijua siku yetu ya kurudi?

Maswali hayo hayana gharama kubwa. Speke alilipa kwa sikio, Karema ililipa kwa bandari yake, na Lusinga alilipa kwa kichwa kwa ajili ya mgeni asiyejua kikomo. Familia itakayouliza kwanza italipa mafuta na unga, na ikifika kwenye rasi itakuta mtu ufukweni anayeijua kwa majina, tayari kushika kamba ya mashua.